JE, ASIYESOMA UCHUMI AWEZA KUMPIMA MGOMBEA?

Liko neno lisemwalo sana huko Donholm, na katika mitaa mingine ya mashariki ya Nairobi walikohamia wengi wa ndugu zetu wa pwani, kila uchaguzi ukaribiapo: "Wewe hukusoma uchumi, mambo ya deni na kodi waachie wenye elimu yake." Mwenye kuambiwa hivyo hunyamaza kwa haya. Nasi twauliza: je, yampasa kunyamaza?

Elimu haidharauliwi. Mgonjwa hamwendei seremala. Nabii Yusufu, alipotaka awekwe juu ya hazina za Misri, alitaja ujuzi wake. Lakini hakuutaja peke yake, aliutaja pamoja na uhifadhi wa amana. Ni sifa mbili, na watu wetu wameshika moja wakaiacha ya pili. Ujuzi hupimwa na wajuzi. Ama uaminifu hauna chuo kikuu. Jirani asiyejua hata kusoma humtambua mdanganyifu kwa kumkopesha mara moja tu.

Natuchukue mfano wa Kenya yenyewe. Mwai Kibaki alikuwa mchumi wa kweli: alisoma London, akasomesha Makerere, na mwaka 1969 akawa Waziri wa Fedha. Aliposhika urais Desemba 2002, elimu yake ilionekana. Mwaka 2003 ada za shule za msingi ziliondolewa, na mwaka 2007 uchumi ulikua kwa karibu asilimia 7. Mwenye insafu hana budi kuyakubali hayo. Lakini ni katika serikali hiyo hiyo ilipofichuka, mwaka 2004, kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba ya fedha nyingi na makampuni ya hewa. Na mwaka ule ule wa neema ulikwisha kwa uchaguzi uliozua fitina, wakauawa watu zaidi ya 1,000. Hesabu zilikuwa nzuri, na damu ikamwagika.

Sisemi kwamba wachumi ni waongo. Hilo nalo husemwa vibarazani, na ni uvivu wa kufikiri. Kwani mtu akikataa kila hesabu, hubaki kumchagua wa kabila lake.

Mwaka 2024 vijana, wengi wao si wachumi, waliusoma Mswada wa Fedha, wakaufasiri kwa lugha za wazee wao, wakauliza kwa nini mkate utozwe kodi ya asilimia 16. Kodi hiyo ikaondolewa. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni (na juu ya kuingia huko nina maneno mengine, si ya leo), baadhi yao wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia sahihi. Swali lao lilikuwa la haki, tena la kisheria: kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 chataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma.

Tarehe 26 Julai 2022 Raila Odinga hakufika kwenye mjadala wa wagombea urais, Ruto akajibu peke yake, na mpiga kura akakosa kuwasikia wakihojiana. Basi mtu wa Donholm asingoje jukwaa kubwa. Mgombea afikapo mtaani amwulize: fedha hizo zatoka kwa nani, zitashikwa na nani, na hesabu yake itaonyeshwa wapi? Akijibiwa kwa maneno asiyoyafahamu, amwulize tena.