Aliyeiba Plastiki na Anayedaiwa Maji

Mwezi Mei 2009, maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, pale Nyamongo wilayani Tarime, yakaingia Mto Tigithe. Tigithe ni mto mdogo, lakini watu walichota humo maji ya kupikia, wakaoga na kunywesha ng'ombe. Maji yake huishia Mto Mara, ambao kwa sehemu ya mwendo wake unazitenga Tarime na Serengeti kabla ya kuelekea Ziwa Victoria. Wanakijiji walisema watu na mifugo walikufa. Mgodi, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Barrick, haukuyakubali madai hayo. Kuhusu uvujaji wenyewe ulikuwa na maelezo: wezi walikuwa wameiba plastiki iliyotandikwa kwenye bwawa ili maji yasipenye ardhini.

Mabishano mengi ya baadaye yalikuwa juu ya ukweli wa maelezo hayo. Mimi nataka tuyakubali kwanza, angalau kwa ajili ya hoja. Haya, wezi waliingia usiku, wakakata plastiki, wakaondoka nayo. Je, kwa kusema hivyo mgodi umeshajibu kila ulichoulizwa?

Naona umejibu swali moja kati ya mawili. Swali la kwanza ni nani kakosea. La pili ni nani anatakiwa kusafisha. Tumezoea kuyachanganya, na lugha yetu ya magazetini inatusaidia kuyachanganya. Siku hizi tukiandika kwamba kiongozi fulani "awajibishwe", tunamaanisha afukuzwe kazi au ashtakiwe. Lakini wajibu kwa maana yake ya zamani hauhitaji kosa. Mtu ana wajibu wa kumuuguza mama yake, na hakuna anayemuuliza kama ni yeye aliyemwambukiza. Wajibu unatokana na mahali uliposimama, hata kama hukutenda lolote baya.

Hebu tuchukue mfano ambao mfugaji yeyote wa Tarime ataupima mwenyewe. Fahali wako ametoka zizini usiku na kula mahindi ya jirani. Asubuhi unagundua kwamba kuna mtu alifungua zizi makusudi. Unaweza kumsaka huyo mtu, na ukimpata akulipe. Lakini jirani yako hana kesi na mwizi asiyemjua. Yeye anaona kwato za fahali wako. Ukimwambia, "Kamtafute aliyefungua zizi," umemwongezea hasara: kapoteza mahindi, na sasa umempa na kazi ya upelelezi.

Majaji wa Uingereza walifika karibu na hapo mwaka 1868, katika kesi ya Rylands na Fletcher. Rylands alikuwa na kiwanda, akajengewa bwawa na mafundi aliowaajiri. Maji yakapenya kwenye mashimo ya zamani ya makaa ya mawe na kufurika mgodi wa jirani yake, Fletcher. Rylands mwenyewe hakuonekana kuwa mzembe. Hata hivyo alitakiwa kulipa, kwa sababu anayeleta na kuhifadhi kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kuleta madhara kikitoroka, anakihifadhi kwa hatari yake mwenyewe. Kichekesho cha historia ni kwamba mlalamikaji alikuwa mwenye mgodi, na mgodi wake ndio ulioharibiwa na maji.

Ni haki niseme pia kwamba mahakama zilikuja kuufungua mlango kidogo. Mwaka 1913, katika kesi ya Rickards na Lothian, mtu asiyejulikana alikuwa amefungulia bomba na kuziba sinki makusudi katika jengo moja huko Melbourne. Mwenye jengo hakulipishwa, kwa kuwa kitendo kilikuwa cha mtu baki. Sasa, si huyo ndiye mwizi wetu wa plastiki?

Ndipo linapokuja suala la kutarajia. Mtu baki anaweza kukuokoa pale ambapo hukuwa na sababu ya kumtarajia. Nyamongo mgodi umezungukwa na vijiji, na vijana wanaoingia kuokota mawe ya dhahabu wanajulikana kwa mgodi, kwa polisi na kwa kila mtu. Bwawa ambalo usalama wake unategemea plastiki, mahali ambapo watu maskini wanapita kila siku na plastiki ina matumizi nyumbani, ni bwawa ambalo wizi wake ungeweza kutabiriwa. Mwizi ana kosa lake, tena kubwa, maana aliwahatarisha majirani zake. Kosa lake halimpunguzii mwenye bwawa deni.

Na maji hayasubiri tumalize kubishana. Mawe yenye madini ya salfa yakichimbwa na kukutana na hewa na maji hutengeneza tindikali, na tindikali huyeyusha metali zilizokuwa zimetulia ndani ya mwamba. Zikishaingia kwenye udongo na maji ya chini ya ardhi, kila msimu wa mvua unazisukuma mbele. Katika nchi za baridi, ambako nyumba nyingi zina tangi la mafuta ya kupashia joto, watu wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: tangi likivuja, mafuta hushuka hadi kwenye maji ya ardhini, huelea juu yake na kusambaa. Itabidi udongo uchimbwe na kupelekwa mahali pengine, maji yapampiwe, visima vya uchunguzi vipimwe kwa muda mrefu. Kila siku ya kumtafuta mkosaji kwanza ni siku ya doa kutanuka.

Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilipiga mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira. Ni fedha nyingi. Lakini faini inajibu swali la kwanza tu. Mama mwenye ndoo hanywi faini.

Kisha ikaja Machi 2022. Maji ya Mto Mara yalibadilika rangi, samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Watu walicheka, wengine kwa hasira. Kwa kipimo changu, hata jibu hilo lisingefunga mjadala. Kama ni ng'ombe, basi wafugaji ndio wenye kitu kilichotoroka, na deni la mto linawahusu. Kanuni inayomkamata tajiri tu ni chuki iliyovaa joho la hakimu.

Kwa hiyo inatukamata na sisi. Fundi wa gereji anayemwaga oili chafu nyuma ya banda, muuza petroli ya chupa anayeosha madumu yake jirani na kisima: nao wanahifadhi kitu kinachotoroka. Mtu atasema kanuni hii ni kali mno, kwamba fundi hana mabilioni. Kweli. Uzito wa deni uende na faida unayoipata na uwezo ulionao wa kuzuia. Lakini hata wa fundi haufiki sifuri.

Tuna methali kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mara nyingi tunaitumia kumnyamazisha aliyepata hasara: yaliyotokea yametokea, songa mbele. Nadhani ilipaswa kusemwa mapema zaidi, kwa mtu mwingine, wakati bwawa bado limejaa. Kama hayazoleki, basi anayeyaweka ajue mapema kwamba siku yakitoka atakuwa wa kwanza kushika koleo, na kumsaka mwizi kutafuata baadaye.