Lawama ya Bangi ni ya Nani?

Katika mji wa Songea, tangu Majengo hata Bombambili, kijana akionekana na msokoto wa bangi watu husema: "Huyu amepotea." Kisha kila mtu hushika njia yake.

Ama kijana wa miaka 14 haanzi kwa kuipenda bangi, kwani moshi wa kwanza humchoma koo na kumkohoza. Huuvumilia kwa kuwa wenziwe wa kijiweni wanamtazama, naye ataka kuhesabiwa mwanamume; nyumbani hakumbukwi ila anapotumwa. Mwengine huvuta ili asahau msiba, au aibu ya kushindwa mtihani. Husahau kwa muda tu. Kisha kumbukumbu hudhoofika, masomo hurudi nyuma, na huzuni huzidi.

Je, hana lawama? La! Kushawishiwa si kulazimishwa. Akisha kubaleghe amali zake zaandikwa. Dini imeharamisha kila kileweshacho, na sheria ya nchi ya mwaka 2015 yakataza bangi.

Lakini lawama haigawanywi kama mirathi, hata fungu la kijana likawapunguzia wengine. Muuzaji ana yake kamili. Mzazi asiyeuliza mwanawe alikoshinda ana yake. Na jirani aliyeona akanyamaza ana yake. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Basi wasemao kwamba kijana amepotea wamesema kweli, wala hawajatimiza wajibu. Aliyepotea hutafutwa.