Mlango Nilioupita Miaka Yote

Kila nikishuka bandarini Unguja, miguu hunipeleka yenyewe Mji Mkongwe, na vichochoro vya Kiponda na Hurumzi nilidhani nimevimaliza. Safari hii mvua ilinikamata, nikajibanza kwenye baraza ya nyumba ya watu, mbele ya mlango ambao nimeupita miaka yote.

Nikautazama. Juu umekatwa upinde, athari ya mafundi wa Kihindi. Wa jirani kichwa chake kimenyooka, mtindo wa zamani zaidi. Kwenye mfaa, ule mti wa katikati, nakshi za maua zimelainika kwa miaka. Maji yalipojaa njiani, wenyeji wakapanda barazani na kuendelea na safari zao, baraza hadi baraza. Kumbe baraza hizi si za kahawa na mazungumzo tu!

UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, mwaka 2020, sehemu ya jumba lake la Beit al-Ajaib ikaporomoka. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, leo ukipita njia uliyoizoea, simama japo mara moja uitazame, ingali ipo.