Mtu wa Shamba Tu

Mwenzetu mmoja katika darasa alituuliza swali ambalo siku ile hatukumjibu, nalo ni hili: mtu akifa, hali hakuwa mwanachuoni, wala hakuhiji, wala hakujenga msikiti, atakumbukwa kwa lipi? Sababu ya kuuliza ni kwamba tulikuwa tumetoka kumzika mkulima mmoja, bara ya Takaungu, na njiani watu walikuwa wakitafuta neno la kumsifu marehemu, na kila aanzaye hukoma. Mwisho mmoja wao akasema, "Masikini, alikuwa mtu wa shamba tu." Wote wakaitikia, nasi tukiwamo.

Twataka kulizungumza neno hilo "tu".

Mtu huyu sisi tulimjua miaka mingi, kwani ndiye aliyekuwa akituletea nazi mjini. Alikuwa akiamka kabla ya alfajiri, akateka maji ya nyumba nzima, akasali katika kimsikiti cha makuti pamoja na wazee wawili watatu, na jua likichomoza liko naye kondeni. Sura alizohifadhi zilikuwa chache, na twakiri kuwa tulipata kumsahihisha matamko yake mbele za watu, jambo ambalo sasa twalionea haya. Nazi alizipakia juu ya baiskeli, akaisukuma kwa mkono njia yote ya mchanga mpaka barabarani, kwani ikisha kupakiwa haipandiki. Akiuza, kwanza hulipa deni la dukani, kisha hununua unga, na kinachobaki huwekewa binti zake wawili, yule mkubwa aliyeko sekondari na mdogo ambaye hata sasa hajabaleghe. Mwaka mmoja masika yalipokatika mapema, aliuza mbuzi wake wote kwa ajili ya karo. Watu wa kwao wakamcheka, wakamwambia kuwa mtoto wa kike ni mali ya watu. Hatukupata kusikia kuwa aliwajibu.

Na katika uzee wake alikuwa angali akipanda. Mnazi mrefu wa pwani yetu hukaa miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, kisha huweza kuzaa miaka 60. Siku moja tulimkuta akichimba mashimo ya miche, tukamwuliza kwa mzaha, "Na hizi nazi zake utazila lini?" Akasema, "Nami nimekula za nani, maalim?"

Sasa turejee kwenye swali. Imepokewa kuwa Masahaba walimwona mtu mwenye nguvu na bidii ya kazi, wakatamani lau nguvu zile zingekuwa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa mtu atokaye kuwahangaikia watoto wake wadogo, au wazazi wake wakongwe, au nafsi yake isije ikaomba, huyo yumo katika njia ya Mwenyezi Mungu. Tena ametufundisha kuwa katika mali atoayo mtu, ile yenye ujira mkubwa zaidi ni aliyowatolea watu wa nyumbani kwake. Na mwenye kupanda mti, kila kiliwacho katika mti ule ni sadaka yake, akila mtu au ndege, hata kikiibiwa.

Pengine mtu atasema: ikiwa ni hivyo, kila mchukuzi wa bandarini ni walii, na punda naye afanya kazi. La. Punda hana nia, wala hachagui baina ya halali na haramu. Nasi hatumsemei aliyeiacha Sala akasingizia jembe. Twamsemea aliyesali, akalima, akala cha halali, na akawalisha wengine kabla ya nafsi yake. Huyo kumwambia "mtu wa shamba tu" ni kuidharau ibada ambayo wengi wetu tulio vivulini mjini hatuiwezi hata mwezi mmoja.

Lakini lililotutia uchungu hasa ni namna alivyokumbukwa. Siku ya tatu ilisomwa hitima. Nduguye, ambaye ndiye msimamizi wa mambo yote, alimchinja ng'ombe wa maziwa wa marehemu, na mchele ukachukuliwa dukani kwa deni, ukaandikwa kwa jina la marehemu yule yule aliyekuwa akilipa deni kabla ya kununua unga. Watu walikuja wengi, wakala wakashiba, wakamsifu marehemu kwa ukarimu. Nasi tulikula pilau ile, wala hatukuuliza ni ya nani.

Ilikuwa ya nani? Saad bin Rabii, mtu wa Madina, aliuawa siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, akaacha mke na binti wawili. Nduguye akaitwaa mali yote. Mjane akaenda kushitaki kwa Mtume (s.a.w.), na hukumu ikawa: binti wapewe thuluthi mbili, mama yao thumuni, na kilichobaki ndicho cha ami yao. Marehemu wetu ameacha warithi wale wale hasa. Minazi yake inayozaa ni 48. Ikihesabiwa kuwa sawa kwa mazao, kila binti ana 16, mjane 6, na ndugu 10. Basi na ng'ombe yule alikuwa na mafungu hayo hayo. Ndugu lau alitaka kutoa sadaka, angetoa katika fungu lake. Mwenye kubaleghe aweza kusamehe haki yake. Yule mdogo hana ruhusa ya kutoa, wala mama yake hana ruhusa ya kumtolea, wala ami yake.

Imamu Nawawi, ambaye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafii, amelitaja katika Majmuu jambo hili la wafiwa kupika na kukusanya watu, akalihesabu kuwa ni bidaa isiyopendeza. Na hapo mali ya yatima haijaingia. Ikisha kuingia, ni haramu. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muuta, Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wawapikie jamaa zake. Sisi tumeugeuza mkeka: mfiwa ndiye mpishi, na mwenye kuja kumpa pole ndiye mgeni wa karamu.

Baada ya kulifikiri jambo hili tuliona hatuwezi kuliandika kabla ya kurudi kule. Tulikadiria thamani ya tulichokula, tukaichukua, tukampa mjane kwa ajili ya watoto. Alidhani ni rambirambi, akashukuru. Tulipomweleza, alinyamaza kitambo, kisha akaingia ndani, akatoka na kijikaratasi cha dukani chenye hesabu ya mchele, akatuuliza, "Na hii, maalim, alipe nani?"

Tumekwenda kwa nduguye mara mbili. Mara ya kwanza hakuwapo. Mara ya pili alitwambia kuwa arubaini imekaribia, tungoje ipite.