Gari Chini ya Mkwaju

Lugha yetu ina methali mbili ambazo, zikikutanishwa chumba kimoja, hazitaamkiana. Ya kwanza yasema vya kale ni dhahabu. Ya pili yasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi sote huzitumia mbili hizo bila ya kuona taabu, kila moja kwa siku yake. Mimi nami nilikuwa hivyo mpaka nilipoitwa Samuye, wilayani Shinyanga, kuketi na wakwe zangu na kusikiliza shauri la gari bovu.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya mwaka 1972. Limesimama chini ya mkwaju tangu marehemu baba mkwe alipoanza kupofuka. Kuku hutaga katika kiti cha nyuma, na mchwa wameanza kuutazama ubao wa sakafu kwa jicho la mwenye deni. Wanunuzi wa chuma chakavu, ambao siku hizi hufika na mizani zao hadi vijijini, walikwisha kutaja bei. Shemeji yangu mkubwa akasema haliuzwi, litafufuliwa. Dada yake, ambaye ndiye anayewasomesha watoto wa ndugu yao aliyefariki, akauliza: kwa fedha zipi? Shemeji akataja ng'ombe sita. Baraza likanyamaza. Ng'ombe sita kwa Msukuma si hesabu tu, ni usemi mzito, na usemi mzito haujibiwi kwa haraka.

Nikaulizwa mimi rai yangu, kwa kuwa ni mgeni na ati nimesoma. Nikasema maneno ya heshima yasiyokuwa na kitu ndani yake. Tangu siku ile mas-ala haya hayajanipa usingizi mzuri: ni kitu gani hasa akipendacho mtu anapotaka kufufua gari lililokufa, na je, penzi hilo lina haki gani mbele ya ada ya skuli?

Penzi la namna hii halikuzaliwa Samuye. Huko Marekani wako watu wazima wanaomaliza akiba ya uzeeni kwa kufufua magari yaliyoundwa baina ya mwaka 1964 na miaka ya mwanzo ya 1970: Pontiac GTO, Ford Mustang, Dodge Charger, Chevrolet Chevelle. Siri ya magari hayo ilikuwa nyepesi. Kampuni ilichukua gari la kiasi, la mtu wa kiasi, ikalitia injini kubwa ya silinda nane, ikaliuza kwa bei ambayo kijana mwenye kazi yake aliweza kuimudu. Kisha bima ikapanda, sheria za moshi zikakaza, na mafuta yalipoadimika mwaka 1973 karamu ikavunjika. Leo baadhi ya magari hayo ya vijana wa kawaida huuzwa mnadani kwa bei ya nyumba.

Jawabu la haraka ni kuwa wazee hao wanaununua ujana wao. Jawabu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Wako vijana wanaoyapenda magari hayo hali wamezaliwa baada ya kiwanda kuacha kuyaunda. Hao hawakumbuki chochote. Na shemeji yangu hakuwahi kuliendesha gari la baba yake hata siku moja, kwani marehemu alikuwa hampi mtu usukani. Anachokitamani si alichokuwa nacho akakipoteza. Anatamani alichonyimwa.

Lakini naona iko sababu nyengine, na hii ndiyo inayonivuta mwenyewe. Gari la zamani husomeka. Ukifunua boneti ya Land Rover hiyo waona kila kitu kilipo na kila kitu kinachofanya: kabureta hii, pampu ya mafuta hii, waya huu unakwenda kwenye plagi. Ugonjwa wake una sauti, una harufu, una mahali pa kushika. Fundi mmoja wa Shinyanga mjini, aliyeitwa kulikagua, hakuwa na chombo chochote isipokuwa spana, bisibisi na sikio. Alizungusha injini kwa hendeli, akatega sikio, akasema, "Hii haijafa, imegoma tu." Kisha akanieleza kwamba magari ya sasa humlazimu kwanza aiulize kompyuta, na kompyuta humjibu kwa namba. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu aliyekuwa akizungumza na mgonjwa ana kwa ana, na sasa huzungumza na mkalimani.

Tukisema twamiliki kitu, huwa tunakusudia nini? Sheria hukusudia kadi yenye jina letu. Lakini kuna umiliki mwengine ulio wa zamani zaidi, nao ni ule wa kukijua kitu mpaka ukaweza kukivunja na kukirejesha. Mvuvi anaimiliki ngalawa yake kwa namna ambayo mimi siimiliki simu yangu, ingawa risiti ninayo. Simu yangu ikizima hunifanya mgeni katika mfuko wangu mwenyewe. Sidhani basi kwamba mwenye kufufua gari kuukuu anakimbia wakati wake. Huenda anatafuta kitu kimoja tu, katika dunia iliyofungwa kwa gundi, ambacho mkono wake bado unaruhusiwa kuingia.

Hata chuma chenyewe kina hadithi ya kusomeka. Land Rover ilipooneshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na feleji ilikuwa adimu. Kwa hiyo bodi likaundwa kwa bati la alumini. Ndiyo maana gari hili huoza kwa namna ya peke yake. Juu hubaki zima, haliliwi na kutu, na chini chasisi hutafunwa kimya kimya. La baba mkwe ndivyo lilivyo. Ukilitazama kwa mbali waweza kudhani lataka kupigwa maji tu.

Hapa ndipo linapoingia swali ambalo wanafalsafa wamelichezea kwa karne nyingi, na ambalo watu wa visiwani hatukuhitaji Mgiriki atuulize. Plutarch aliandika juu ya chombo cha Theseus, ambacho Waathene walikihifadhi kwa kutoa mbao zilizooza na kutia mpya, mpaka wenye hikima wakagombana kama chombo ni kile kile au ni chengine. Mafundi wetu wa majahazi wamefanya hivyo pwani nzima: mwaka huu ubao wa tumbo, mwaka ujao taruma, baada ya miaka mkuku. Jahazi hubaki na jina lake, na hakuna nahodha aliyekosa usingizi kwa sababu hiyo. Kwao utambulisho wa chombo haukuwa katika mbao. Ulikuwa katika safari isiyokatika, na katika watu waliokuwa wakikiita kwa jina.

Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1655, aliongeza sharti la uchokozi: je, iwapo mtu aliziokota mbao zote zilizotupwa, akaunda navyo chombo cha pili? Kipi sasa ni cha Theseus? Niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni mchezo wa watu wasiokuwa na kazi. Samuye ulinijia kama habari ya kweli. Kumbe miaka ya nyuma, marehemu alipokuwa na shida, aliiuza gia boksi ya gari lake, na difu ya nyuma, kwa mtu wa kijiji cha jirani mwenye Land Rover kama yake. Gari la jirani linatembea mpaka leo; hubeba mpunga na choroko, na siku za msiba hubeba watu. Shemeji alipolifufua lake kwa maneno, alisema atatafuta gia boksi nyengine Mwanza au Arusha. Huko Arusha Land Rover zingalipo kwa wingi, na mwezi wa Oktoba 2024 zilikusanywa mamia kwa mamia katika tamasha. Nikamuuliza: ukitaka kuusikia mkono wa baba yako ukibadili gia, utausikia wapi? Chini ya mkwaju, au katika gari la jirani? Alicheka kidogo, kisha hakucheka.

Nirudi kwa dada mtu, ambaye hoja yake ilikuwa nzito kuliko zetu zote na aliisema kwa maneno machache. Yeye hakulichukia gari. Alisema ng'ombe wale sita si wa kaka yake peke yake, bali ni wa nyumba, na mtoto wa kike atakayerejeshwa nyumbani kwa ajili ya ada hatafufuliwa na fundi yeyote. Kaka akamjibu kwamba mbona ng'ombe wenyewe huwekwa zizini miaka na mikaka bila ya kuuzwa wala kuchinjwa, kwa ajili ya heshima tu na furaha ya kuwatazama, wala hakuna anayemwita mwenye nazo mpumbavu? Jawabu hili ni zuri kuliko linavyoonekana. Utajiri wa kutazamwa si uzushi wa Wamarekani. Lakini ng'ombe wa kutazamwa huzaa, na mwaka wa njaa huuzwa. Na gari la kutazamwa hula. Naona dada alishinda hapo, na ningalikuwa jasiri ningalisema siku ile ile.

Ila baraza halikuvunjika kwa hoja hiyo. Lilivunjika kwa sababu ya mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa akipepeta choroko kama asiyesikia. Akasema kwa upole: "Wanangu, mimi mlio wa gari hilo siupendi."

Marehemu alilinunua mnadani mwaka 1983, baada ya kuitumikia serikali. Na katika nchi ile, kwa watu wa umri wa mama, Land Rover si kumbukumbu ya safari za mbugani. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipofika Usukumani, watu walihamishwa kwenda katika vijiji vipya, na wakubwa wa kazi hiyo walikuja na magari ya namna hiyo. Miaka miwili baadaye, katika msako wa wauaji wa watu waliotuhumiwa kwa uchawi mikoani Mwanza na Shinyanga, waliokamatwa waliteswa na baadhi yao wakafa mikononi mwa dola. Wasomaji wa visiwani tunaikumbuka habari hiyo kwa upande mwengine: ni kwa ajili yake mzee wetu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977, akabeba dhamana ya makosa ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Kwetu ni hadithi ya uungwana wa mtu mmoja. Kwa mama mkwe ni mlio wa injini usiku, na mbwa wakibweka kutoka nyumba hadi nyumba. "Nani ajuaye," alisema, "lilimbeba nani kabla ya kumbeba baba yenu?"

Tangu hapo siwezi kuitazama picha ya gari la Kimarekani lililong'arishwa nisifikirie jambo hili. GTO ilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza kama gari la mwaka 1964. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, Marekani ilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia, kwa sababu mpaka siku hiyo mtu mweusi aliweza kukatazwa kula katika mkahawa wa kando ya barabara ile ile ambayo gari hilo lilikimbia. Anayefufua gari hufufua pia mlio wake, na mlio mmoja huingia katika masikio mengi. Sisemi kwa hiyo lisifufuliwe. Nasema kumbukumbu ya kitu haimo mikononi mwa mwenye kadi peke yake, na aliyeipenda zaidi si lazima awe ndiye aliyeijua zaidi.

Kuna mafundi, Marekani na kwengineko, wanaokataa kunyoosha kila bonde na kupiga rangi upya. Huacha mikwaruzo mahali pake, wakisema gari lisiloonesha umri limeghushiwa. Zamani niliwaona ni watu wa madoido. Baada ya Beit al-Ajaib kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, niliwasikia wenzangu wa Mji Mkongwe wakitaka jumba lirejeshwe kama lilivyokuwa alipolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, na nikajiuliza ni nani katika jumba hilo jipya atakayewakumbuka wawili hao. Sina jawabu la jumba. Kwa gari la Samuye, madigadi ya kushoto ina bonde kubwa ambalo hakuna katika familia ajuaye limetoka wapi. Lilikuja nalo kutoka mnadani. Shemeji alitaka linyooshwe kwanza kabla ya chochote. Mama alisema likifufuliwa, bonde liachwe.

Nilipokwenda tena, baada ya mavuno, ng'ombe wote sita walikuwa zizini. Ada ilikuwa imelipwa kwa fedha za mpunga. Injini ilikuwa imeshushwa na imelala juu ya magunia barazani, imefunikwa kwa kanga kuukuu, na shemeji alikuwa akiisafisha pistoni moja kwa mafuta ya taa, pole pole, kila jioni baada ya kutoka shamba. Anafanya kwa anachokipata mwenyewe, alisema. Hata ikichukua miaka kumi. Jirani wa gia boksi amekataa kuiuza. Amesema, siku injini itakapoitikia, ataileta mwenyewe kwa gari lake, wataifunga pamoja, wazunguke nayo mpaka barabara kuu na kurudi, kisha ataifungua na kwenda nayo.

Mama mkwe aliambiwa habari hiyo. Akauliza siku hiyo itakuwa mchana au usiku.