Shamba la Wote, Masomo ya Mmoja



Kila mwaka matokeo ya mitihani yatokapo, yuko kijana aletaye nyumbani barua ya chuo cha ng'ambo, na wazee hukaa kushauriana. Mara nyingi huulizana, "Fedha tutapata wapi?" Swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: Je, ni haki mali ya wote itumike kwa ajili ya mmoja?

Jambo hili si geni kwetu. Mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 wa Kenya walisafiri kwa ndege kwenda Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake. Huku nyumbani jamaa na majirani walifanya karamu za chai ili kuwachangia wasafiri. Mwaka uliofuata alikwenda Wangari Maathai, akasoma elimu ya viumbe, na mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti iliyowafaa wengi.

Lakini mchango na shamba si kitu kimoja. Atoaye shilingi kwa hiari yake amekwisha kutoa. Shamba likiuzwa, hutoa pia mama ambaye hakuulizwa, na dada aliye darasa la sita, ambaye karo yake ilitoka humo. Sadaka isiyo ya hiari si sadaka, ni kodi.

Basi kijana na ajiulize mambo matatu. Naenda kutafuta elimu nisiyoweza kuipata hapa, au nataka tu kuitwa mtu wa ng'ambo? Barua hii ni ya kukubaliwa tu, au ina na msaada wa karo? Maana Uingereza mwanafunzi mgeni hutozwa karo kubwa kuliko mwenyeji, na wakala alipwaye na chuo huenda asikueleze hayo mapema. Tena, wale watakaobaki wameridhika, hata walio wadogo?

Bwana wetu alinena habari za mtu aliyeanza kujenga mnara pasipo kuhesabu gharama. Sisi twadhani gharama ni fedha peke yake. Watu nao ni gharama.

Wazazi, msimzuie mtoto kwa hofu, wala msimpeleke kwa fahari. Nawe uliyekwenda, urudi usirudi, unalo deni. Wa kwanza kulipwa ni yule dada.