Nani Aliyeiunguza Pamba?

Honda CB750 iliyoingia sokoni mwaka 1969 ina silinda 4 na kabureta 4, kila silinda na yake. Kati ya kabureta na injini kuna kipande cha mpira kinachobanwa kwa klempu, na mipira hiyo ikishapitisha nusu karne kwenye joto hukakamaa, kisha hupasuka. Hapo huanza kisa kinachowasumbua wengi wenye pikipiki za zamani: sailensa inapanda. Mwendeshaji ameachia eksileta kabisa, pikipiki imesimama, lakini injini ambayo ingetulia kwenye mizunguko kama 1,000 kwa dakika inanguruma kwenye 2,500 na haina dalili ya kushuka.

Mwenye haraka hukimbilia skrubu ya sailensa akailegeza. Kelele inakata, mteja analipa, na kesho yake asubuhi injini ya baridi inazima kwenye kila makutano.

Fundi makini hushuku wengi kabla ya kumkamata mmoja. Waya wa eksileta huenda umekaza: anageuza usukani kushoto na kulia injini ikiwa inawaka, na mzunguko ukipanda usukani unapokatwa, waya una kesi ya kujibu. Springi ndogo zinazorudisha taimingi ya cheche huenda zimechoka, cheche ikabaki inawahi hata pale injini inapotakiwa kutulia. Jeti ndogo huenda imeziba kwa petroli iliyolala humo miaka, mchanganyiko ukazidi hewa. Au ule mpira unavuta hewa. Kwa huo wa mwisho, anapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kando ya kila kiungo, mbali na ekzosi ya moto, sikio likiwa kwenye injini. Anafika kabureta ya tatu, mlio unabadilika ghafla. Mwizi kapatikana.

Kapatikana kweli?

Imam Abu Hamid al-Ghazali, ambaye jina lake si geni katika madrasa za mwambao, alikamilisha kitabu chake Tahafut al-Falasifa mwaka 1095. Humo alichukua mfano wa pamba na moto. Tunachokiona, alidai, ni pamba kuungua inapokutana na moto. Hatuoni kwamba moto ndio ulioiunguza. Mambo mawili yameandamana, basi. Kwa Ghazali mtendaji ni Mungu, na mwendo wa maumbile ni desturi aliyoiweka Yeye, ambayo akitaka huivunja. Karibu karne moja baadaye mwanafalsafa Ibn Rushd wa Cordoba alimjibu kwa kitabu chake Tahafut al-Tahafut, na hakumung'unya maneno: anayezikana sababu ameikana akili yenyewe, maana kukijua kitu ni kuzijua sababu zake.

Gereji inaonekana kuwa upande wa Ibn Rushd. Nani angefungua hata nati moja bila kuamini kwamba hewa ya ziada inapandisha mzunguko? Lakini Ghazali hakumzuia mtu kutegemea desturi. Alichokataa ni ule ulazima ambao jicho halikuuona, na tahadhari hiyo ina kazi hata kwa fundi asiyejishughulisha na elimu ya dini. Ukungu wa dawa haukai pale ulipopulizwa. Upepo kidogo tu unausogeza hadi mdomo wa chujio la hewa, injini inaunywa kwa njia yake halali, mlio unabadilika, na mpira mzima unashtakiwa bure.

Robert Pirsig, Mmarekani aliyesafiri mwaka 1968 na mwanawe kwa Honda Super Hawk kutoka Minnesota hadi California, na mwaka 1974 akachapisha Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, alishauri tatizo sugu lifuatwe kama uchunguzi wa kisayansi: kila dhana iandikwe daftarini, na jaribio lisidai zaidi ya lile lililopimwa. Ushauri mzuri, ila ni mgumu kuufuata mbele ya CB750. Kubadilisha mipira ile kunalazimu kabureta zote 4 zishushwe. Waya wa eksileta unafunguliwa na kufungwa upya. Klempu zinakazwa upya. Petroli ya zamani inamwagwa. Sailensa ikitulia jioni, vimebadilika vitu vinne kwa mpigo, na injini haisemi kipi kilichoiponya.

Mpira uliopasuka unabaki mshukiwa mkuu, na mara nyingi ndiye hasa. Njia ya kumtia hatiani ipo: urudishwe ule mbovu peke yake, mengine yote yakiachwa kama yalivyo, isikilizwe kama kelele itarudi. Hakuna mteja anayelipia kazi hiyo, na fundi mwenye pikipiki nyingine tatu zinazomsubiri nje haianzi. Anasawazisha skrubu ya sailensa, anamwonyesha mteja ufa, kisha anaandika kwenye risiti: mipira ya kabureta, 4.